Maandishi na mashairi kwenye panga za kale za Kiajemi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya maswali nimeyaweka pamoja kwa sababu yanarudi yale yale kila siku. Mtu anatuma picha ya upanga, wa babu yake au aliouona mnadani, na swali lake la kwanza ni hili jina la nani na unaenda bei gani, basi, na mistari mingine ya dhahabu iliyokaa pembeni ya hilo jina haulizi kabisa. Mimi naona hapo tunaanzia mlango wa nyuma. Kwenye panga za Kiajemi jina la fundi ndo kitu kilichoghushiwa kuliko vyote, na yale maneno mengine, dua, aya, beti, ndo yanakwambia mwenye upanga aliamini nini na aliogopa nini. Kwa hiyo nitajibu yote ila jina lisije likakumezea macho.

Upanga wa Kiajemi ni upi hasa?

Wengi tukisema hivyo tunamaanisha shamshir, ule wembamba uliopinda sana, makali upande mmoja, unazidi kuwa mwembamba mpaka ncha, kipini chake kimeinama kichwani na kikingio cha mkono kimekaa kama msalaba. Huku pwani mzee akiuona atakwambia ni kitara. Umepinda hivyo kwa sababu ni upanga wa mpanda farasi, unakata kwa kuvuta sio kwa kugonga. Staili hii ilishika sana enzi za Wasafawi, ukoo uliotawala Uajemi, yaani Iran ya leo, 1501 mpaka 1736, na maandishi mengi yanayoulizwa hapa yanatoka kipindi hicho au yanajifanya yanatoka kipindi hicho. Waajemi walikuwa pia na kard, kisu kilichonyooka, na khanjar, jambia lao, na hizo nazo zimeandikwa, saa ingine zimeandikwa vizuri kuliko upanga wenyewe.

Wangu umeandikwa "Amal-e Assadullah Isfahani". Nimepata hazina?

Umepata jina maarufu. Hazina ni kitu kingine, subiri.

Maneno yenyewe maana yake ni "kazi ya Assadullah wa Isfahan". Anasemekana alikuwa mhunzi mkuu wa Shah Abbas wa Kwanza, aliyetawala 1588 mpaka 1629 na akahamishia makao makuu Isfahan. Kuna kisa kinasimuliwa kwamba Sultani wa Uturuki alimpelekea Shah kofia ya chuma na zawadi ya pesa kwa atakayeikata kwa upanga, Assadullah akafua upanga ukaipasua, na Shah kwa furaha akawafutia wahunzi wa Isfahan kodi. Kisa kitamu na wahunzi walikipenda, ila ni kisa.

Sasa shida iko hapa. Panga zenye jina hilo ni nyingi kupita kiasi, zimejaa kwenye majumba ya makumbusho, London peke yake ukienda Wallace Collection utazikuta, na zenye tarehe ukizipanga moja baada ya nyingine zinachukua zaidi ya maisha ya binadamu mmoja, na mwandiko haufanani, na kazi ya chuma haifanani. Kwa hiyo mtu mmoja hawezi kuwa amezifanya zote. Watafiti wengine wanasema Assadullah ilikuwa cheo cha fundi bora, wengine wanasema ni karakana na warithi wake, wengine wanasema alikuwepo mtu kweli na baada yake kila mtu akaliandika jina lake kama alama ya ubora. Mimi naegemea hili la mwisho likichanganyika na la pili, maana ndivyo majina ya mafundi wakubwa yanavyoenda popote duniani, jina linaishi kuliko mkono.

Alafu usisahau Assadullah ni Simba wa Mwenyezi Mungu, laqabu ya Sayyidna Ali. Kwa Mshia kuwa na jina hilo kwenye chuma cha vita ilikuwa ni baraka tosha hata kama hajui fundi ni nani. Jina jingine utakaloliona ni Kalb Ali, anayesemekana ni mtoto wa Assadullah, na maana yake mbwa wa Ali, kwa unyenyekevu. Usishangae, Shah Abbas mwenyewe alijiita mbwa wa kizingiti cha Ali, na mwaka 1601 alitembea kwa miguu kutoka Isfahan mpaka Mashhad kumzuru Imam Ridha.

Kwa hiyo jibu langu kwa kila mwenye jina hilo ni moja: liweke pembeni, angalia chuma kwanza, angalia dhahabu ilivyoingia, angalia mwandiko, soma na maneno mengine yote, mwisho kabisa rudi kwenye jina.

Na "Bande-ye Shah-e Velayat Abbas"? Kuna mtu kanitafsiria "mtumwa wa Shah Abbas".

Hapana, hiyo tafsiri inazunguka sana na imekosea. Shah-e Velayat, Mfalme wa Wilaya (wilaya ya dini, uongozi na ukaribu kwa Mwenyezi Mungu, sio wilaya ya serikali), ni Ali bin Abi Talib. Anayejiita mja ni Abbas mwenyewe. Yaani "Abbas, mja wa Mfalme wa Wilaya". Shah anajishusha, hatajwi kama bwana wa mtu.

Mara nyingi inakaa ndani ya fremu ya duara au ya umbo la tone, karibu na kipini, juu ya fremu ndefu yenye jina la fundi. Na maneno hayo hayo yapo kwenye sarafu za Abbas, sasa fikiria, maneno yaliyopo kwenye sarafu kila mtu anayo mfukoni, mchongaji wa miaka mia baadaye alikuwa na mfano wa kunakili bila shida yoyote. Pia walikuwepo Abbas wa Pili (1642 mpaka 1666) na Abbas wa Tatu, mtoto mdogo aliyewekwa kitini 1732 wakati mwenye nguvu ni Nader, jemadari aliyekuja kuwa Shah mwenyewe. Kwa hiyo "Abbas" peke yake haikupi mwaka.

Kile kiboksi cha mraba chenye vyumba vinne ni nini? Kina herufi moja moja au namba.

Swali zuri kuliko la jina. Hicho ni kinga. Ndani kuna ba, dal, wau na ha (ile ha ya Muhammad), na zikisomwa pamoja zinakuwa Buduh. Kwa hesabu ya abjadi, ambayo kila herufi ina namba yake, ba ni 2, dal 4, wau 6, ha 8. Wengine wanaandika herufi, wengine wanaandika namba zenyewe, 2 4 6 8, na kazi ni ile ile.

Asili yake ni ule mraba wa vyumba tisa ambao kila mstari ukijumlisha unapata 15:

4 9 2
3 5 7
8 1 6

Angalia kona zake: 4, 2, 8, 6. Ndo hizo. Buduh ni kona za mraba, mchongaji amechukua kona tu akaacha namba za witiri (1, 3, 5, 7, 9) zilizo katikati kwa sababu upanga ni mwembamba na nafasi hamna. Wasomaji wa pwani hapa hawana haja ya kuelezwa sana, ni khatimu, ile ile ambayo waganga wa kitabu wanaiandika kwenye karatasi ya hirizi, msingi wa elimu ni mmoja na umesafiri kwa Kiarabu pande zote za Bahari ya Hindi. Misri na Uajemi watu walikuwa wanaandika hizi namba hata juu ya barua ili ifike salama. Kwenye upanga ilikuwa ni kumlinda mwenye upanga, na naona ndo sehemu inayogusa zaidi kwenye bapa zima, maana jina la Shah ni la kujionyesha ila kile kiboksi ni cha mtu anayetaka kurudi nyumbani.

Tahadhari moja, kiboksi hiki nacho kimenakiliwa sana, na wachongaji wasiojua abjadi wanachanganya herufi au wanaweka mistari tu inayofanana na herufi. Ukiona herufi hazisomeki kabisa, ongeza shaka.

Aya zipi za Qur'ani zinaandikwa zaidi?

Inayoongoza ni ile ya Surat as-Saff, 61:13, "Nasrun mina-Llahi wa fat-hun qarib", nusura itokayo kwa Mwenyezi Mungu na ushindi ulio karibu. Inafuata ya mwanzo wa Surat al-Fat-h, "Inna fatahna laka fat-han mubina". Ayatul Kursiyy utaiona pia, kwa mwandiko mdogo sana, na "Wa in yakadu" ya Surat al-Qalam, 68:51, ambayo watu wengi mpaka leo wanaisoma kwa ajili ya jicho baya. Ya Hud 11:88, "Wa ma tawfiqi illa bi-Llah", ni fupi ndo maana mafundi waliipenda.

Nje ya aya kuna dua na misemo: "Ya Qadhial hajat", ewe mtimiza haja. "Tawakkaltu ala-Llah". "La fata illa Ali, la saifa illa Dhulfiqar", hakuna kijana shujaa ila Ali wala upanga ila Dhulfiqar. Na ile dua ya Nadi Aliyyan, ambayo Mshia akiwa kwenye dhiki anaisoma. Hizi za Ali zinaonekana sana Iran ila usifanye haraka, hata kwenye panga za Waturuki, ambao ni Masunni, Dhulfiqar imeandikwa. Upanga wa Ali ulipendwa na kila mwenye upanga.

Ni lazima niwe na udhu kuushika?

Hilo ni la kumuuliza sheikh wako, mafakihi wana maelezo yao kuhusu aya zilizo kwenye sarafu na vyombo. Mimi nashika kwa glovu safi za pamba, ni adabu kwa maneno na ni kinga kwa chuma, maana jasho la mkono linaleta kutu.

Mashairi je? Kuna upanga umeandikwa shairi kweli au ni maneno ya wauzaji?

Kuna kweli, na hapa ningependa watu watulie kidogo maana ndo sehemu wanayoipita haraka kwa sababu haina jina kubwa.

Anza na umbo. Beti ya Kiajemi ni mstari mmoja wenye nusu mbili zinazolingana mizani. Kwetu ubeti una mishororo minne, ila ukichukua mshororo mmoja wa tarbia wenye ukwapi na utao, mizani nane kwa nane, umeipata picha. Sasa fundi anapenda sana kitu cha namna hii kwa sababu anatengeneza fremu mbili za urefu sawa, nusu ya kwanza inaingia humu, nusu ya pili inaingia mle, na bapa linapata mapambo yaliyopimika bila yeye kuhangaika. Ndo maana ukiona kwenye chuma cha Kiajemi fremu ndefu zinazofuatana mbili mbili, zenye mwandiko unaoteremka kwa mteremko, fikiria beti kabla hujafikiria kitu kingine. Kwenye shamshir nafasi iliyoandikwa mara nyingi ni fupi, karibu na kipini tu, kwa hiyo mashairi utayapata zaidi kwenye majambia na visu vya kard, ambavyo bapa na mgongo wake vinajazwa, na hata kwenye vifaa vya ala.

Halafu angalia kanuni ya Waajemi kwenye vyombo vyote vya chuma na shaba: shairi linaongea habari ya chombo chenyewe. Vile vishikio vya taa vya shaba vya enzi za Wasafawi vinabeba beti za Sa'di wa Shiraz kuhusu nondo, yule kipepeo wa usiku, na mshumaa, zinaanza "Shabi yad daram ke chashmam nakhoft, shenidam ke parvane ba sham' goft", yaani nakumbuka usiku mmoja macho yangu hayakulala, nikamsikia nondo akimwambia mshumaa. Taa inabeba shairi la taa. Bakuli la kinywaji linabeba shairi la kinywaji. Jambia nalo linabeba shairi la jambia, linasifiwa makali yake, mwenyewe anaombewa, adui anaonywa.

Ila utamu ni kwamba washairi wa Kiajemi tayari walikuwa wameyajaza mapenzi yao silaha. Nyusi ya mpenzi ni upanga kwa ule mkunjo wake, kope ni mishale, mtazamo wake ni jambia linalochoma, mpenzi anaitwa muuaji na anayependa anaomba auawe. Na upanga wenyewe kwao ni maji, kwa mng'ao na kwa yale mawimbi yaliyomo ndani ya feleji nzuri. Sasa chukua maneno ya hivyo uyaweke juu ya jambia halisi. Ukisoma haraka ni shairi la mapenzi, ukisoma tena ni tishio, na yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja. Ndo sababu nakataa kabisa mtu akisema hayo ni mapambo tu. Aliyeagiza silaha ya namna hiyo alikuwa anaijua diwani yake vizuri na alitaka wageni wake nao waisome akiwa ameichomeka kiunoni barazani.

Sa'di huyo huyo kwenye Gulistan, kitabu alichomaliza 1258, ana beti inayotumia upanga kama mfano: "Shamshir-e nik az ahan-e bad chun konad kasi? Nakas be tarbiyat nashavad ey hakim kas". Upanga mzuri mtu atautoaje kwenye chuma kibaya? Asiye mtu, ewe mwenye hekima, malezi hayamfanyi mtu. Sisemi beti hii utaikuta kwenye upanga wako. Naileta uone jinsi habari ya uhunzi ilivyokuwa ndani ya vichwa vya wasomaji wa kawaida, mtoto wa madrasa wa Kiajemi alikua na mfano huu mdomoni.

Na wafalme nao walitangaza utawala kwa beti. Nader Shah, aliyeuawa 1747, alipiga sarafu zenye "Sekke bar zar kard nam-e saltanat ra dar jahan, Nader-e Iran-zamin o khosrow-e giti-setan", kwamba jina la ufalme limepigwa kwenye dhahabu ulimwenguni na Nader wa nchi ya Iran, mfalme mteka dunia. Mtu aliyezoea sarafu yenye shairi hashangai kuona upanga wenye shairi.

Nitajuaje kama ni Kiarabu au Kiajemi kama sisomi vyote viwili?

Angalia hati. Aya na dua za Kiarabu mara nyingi zimeandikwa naskhi au thuluthi, zimesimama wima, zina irabu. Shairi la Kiajemi mara nyingi ni nastaliki, ile inayoning'inia na kushuka kutoka kulia juu kwenda kushoto chini, haina irabu. Kama umesoma chuo utaweza kuzitambua aya hata bila kujua Kiarabu. Ukikuta herufi za pe, che au zhe zenye nukta tatu (sio shin wala tha, hizo zipo hata kwenye Kiarabu) hapo ni Kiajemi au lugha inayoandikwa hivyo, ila wachongaji waliziacha nukta mara nyingi. Kitu kingine, maneno yanapandana, neno la mwisho linaweza kuwekwa juu kabisa ya fremu ili nafasi itoshe, kwa hiyo usisome kama gazeti.

Kuna namba, ni mwaka?

Mara nyingi ndiyo, mwaka wa Hijria. Zidisha kwa 0.97 kisha ongeza 622, utapata karibu na mwaka wa Miladi. Mfano 1117 inakuja 1705. Sasa ukikuta 1117 pamoja na Assadullah na "Abbas", ujue Abbas wa Kwanza alikufa 1038 Hijria, na fundi wake angekuwa mzee wa kupita kiasi. Namba 4, 5 na 6 za Kiajemi zina maumbo tofauti na za Kiarabu tulizozoea kwenye msahafu, hilo linawapoteza wengi.

Dhahabu imeingiaje kwenye chuma? Imepakwa?

Kuna njia mbili za zamani. Ya kwanza, fundi anachimba mfereji kwenye chuma na kuupanua chini kuliko juu, anaweka uzi wa dhahabu anaugonga mpaka unajaa na kushikwa na kingo. Hii ndo kazi kubwa, ukipitisha kidole dhahabu iko sawa na chuma na haitoki. Ya pili, uso wa chuma unakwaruzwa mistari myembamba inayokatana kama wavu, halafu dhahabu nyembamba inagandamizwa juu na kung'arishwa. Hii ni rahisi zaidi na India imefanywa kwa wingi mno. Ikichakaa, ukiangalia kwa kioo cha kukuzia unauona ule wavu chini yake.

Kuna pia maandishi ya kuchonga tu, chuma kinachimbwa pembeni herufi zinabaki zimeinuka. Hiyo naipenda kuliko dhahabu, kwa sababu fundi akikosea hana pa kuficha.

Rangi ya dhahabu iliyokaa juu ya chuma, bila mfereji na bila wavu, ni kazi ya juzi.

Ile mistari kama maji kwenye bapa inahusiana na maandishi?

Inahusiana kwenye kupima ukweli. Panga bora zilifuliwa kwa chuma cha feleji kilichoyeyushwa kwenye kalibu ya udongo, chenye kaboni nyingi, karibu asilimia 1.5, kikapoa taratibu. Mhunzi akikifua kwa joto la chini chembe ngumu zinajipanga mistari, na akikiosha kwa tindikali laini mistari inaonekana, mawimbi, na saa ingine ngazi ngazi zinazokata bapa kwa upana, wanaita ngazi arobaini. Kusini mwa India na Sri Lanka walikuwa wauzaji wakubwa wa madonge ya chuma hiki, na Iran yenyewe walikiyeyusha, pale Chahak, kusini mwa nchi, mabaki ya karne ya 11 na 12 yamechunguzwa na matokeo yakachapishwa 2020.

Sasa mtu aliyelipia chuma cha namna hiyo hakumpa mchongaji hovyo. Ukikuta mawimbi safi na mwandiko uliopimika, vinashuhudiana. Ukikuta Assadullah juu ya chuma kisicho na chochote, jina liko peke yake.

Kama maandishi ni Kiajemi basi upanga umetoka Iran?

Sio lazima hata kidogo. Kiajemi kilikuwa lugha ya makasri India yote ya Wamughali na hata Deccan, kule kusini. Mfano mkubwa ni Tipu Sultan wa Mysore, upanga wake wa chumbani uliuzwa London Mei 2023 kwa zaidi ya pauni milioni 14, umeandikwa "Shamshir-e Malik", upanga wa mfalme, kwa Kiajemi, na umefuliwa na wahunzi wa India waliofuata mfano wa bapa za Kijerumani. Kinyume chake nacho kipo kwa wingi, bapa la Isfahan limekwenda Uturuki, Sham, Misri, Arabuni, likavishwa kipini cha huko. Kwa hiyo tenganisha vitu vitatu kwenye kila upanga, bapa limetoka wapi, maandishi yamewekwa wapi, kipini kimevishwa wapi.

Nimeona upanga umejaa maandishi kutoka juu mpaka chini, mwingine una ncha mbili na sura za mazimwi. Ni wa kale sana?

Hizo nyingi ni za karne ya 19, enzi za Wakajari, ukoo uliotawala Iran wakati huo, zimeandikwa kwa kula chuma kwa tindikali sio kwa kuchonga. Zilitengenezwa kwa ajili ya gwaride, maigizo ya Muharram na wageni waliotaka kumbukumbu. Za ncha mbili zinaigiza Dhulfiqar. Maandishi yake mara nyingi ni ya kuonekana tu, herufi zinajirudia bila kuleta neno. Sio vibaya kuwa nao, una historia yake, ila asikuuzie mtu kama upanga wa Shah.

Huku kwetu zilifikaje?

Kwa Oman. Jeshi la Nader liliingia Oman miaka ya 1730 na Ahmad bin Said akalitoa, na ukoo wake wa Al Busaidi baadaye ukakodi Bandar Abbas upande wa pili wa Ghuba na kuishikilia mpaka karne ya 19. Bidhaa zilivuka kila msimu, bapa za Kiajemi zikiwemo, zikavishwa vipini vya fedha vya Kiomani na kuja Unguja viunoni mwa watu wakubwa. Sayyid Said mwenyewe alioa mjukuu wa Fath Ali Shah, na hamamu za Kidichi alizomjengea 1850 bado zipo, nenda ukaone yale maua ya chokaa ukutani halafu ulinganishe na maua yaliyozunguka fremu za upanga. Ni mkono wa ustaarabu mmoja.

Kwa hiyo kitara cha familia chenye kipini cha Muscat kinaweza kabisa kuwa na bapa la Kiajemi ndani. Ukivuta kwenye ala tazama karibu na kipini.

Nikisafishe na nini?

Usikisugue. Tafadhali. Msasa, waya wa kusugulia sufuria, dawa ya kung'arishia shaba, ndimu, jiwe la umeme la mnoa visu, vyote hivyo vinafuta mawimbi na vinang'oa dhahabu, na kwa dakika chache unaondoa kitu kilichokaa miaka mia tatu. Nimeona bapa ambalo fremu ya shairi imebaki nusu kwa sababu muuzaji alitaka ling'ae, nusu ya beti imekwenda na hakuna wa kuirudisha. Kitambaa laini, mafuta ya cherehani kidogo sana, futa yabaki kama pumzi tu. Ukiwa na kutu nzito tafuta mtaalamu wa uhifadhi kwenye jumba la makumbusho. Na usiuhifadhi ndani ya ala ya ngozi muda mrefu huku pwani, unyevu unakaa humo.

Naweza kusafiri nao?

Mbali na sheria ya silaha na ya mambo ya kale ya nchi unayotoka, angalia kipini. Vingi ni pembe ya ndovu, meno ya walrasi (mnyama wa bahari za baridi), na vya Uarabuni vingine ni pembe ya kifaru. Kuvusha hivyo mpakani bila kibali ni kesi, hata kama ni cha babu wa babu.

Nataka msaada wa kusomewa. Nipige picha vipi?

Zima flashi. Weka upanga juu ya kitambaa cheusi, tochi ikae pembeni chini kabisa ili mwanga upite juu ya bapa na kila mchoro utoe kivuli. Piga fremu moja moja kwa karibu, halafu moja ya urefu wote. Usitumie kamera ya selfi, nyingine zinageuza picha na herufi zinasomeka kinyume. Piga pande zote mbili hata kama upande wa pili unaona mtupu. Na geuza upige mgongo wa bapa kutoka kwenye kipini mpaka karibu na ncha, hasa kama ni kard au jambia, kwa sababu huko ndo beti nyingi zimekaa na karibu kila anayetuma picha anausahau.